Wivu wangu na dawa za godauni la Kibiti: nilivyomfuata mke wangu mpaka Utete nikamfumanie

Wakuu, salamu zenu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Jana nimesoma uzi wa mwenzetu humu anayeomba app ya kusoma meseji za mkewe bila mke kujua. Nimesoma komenti zote, mpaka zile za utani. Nikazima simu. Nikaiwasha. Nikaizima tena.

Leo nimeona niandike.

Haya yalitokea ndani ya nyumba yangu na sitajipamba. Kuna mahali mtanitukana, na haki mtakuwa nayo. Ni ndefu, mwenye haraka airuke.

Mie asili yangu ni delta ya Rufiji kule, baba alikuwa mkata mikoko. Nikasoma kidogo, nikabahatika kuajiriwa na chama cha ushirika Kibiti kama karani wa ghala. Korosho zinapita kwangu, pamba inapita kwangu, salfa ya mikorosho na dawa za pamba zinapita kwangu. Funguo tatu kubwa nazining'iniza kiunoni. Nikipita sokoni watu hawaniiti jina, wananiita Karani.

Wenye umri wangu mnajua ni cheo gani kile kwa mji kama ule.

Nikaoa binti wa Chumbi, Mmatumbi, anaitwa Somoe. Mweusi wa kung'aa, mrefu, mcheshi, mtu wa kucheka na kila mtu. Hicho kicheko ndicho nilichokipendea. Hicho hicho baadaye kikanitoa roho.

Tukapata mtoto mmoja, Zuhura.

Ikaja miaka ile ya soko huria. Ushirika ukafa taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Mwanzoni tukaambiwa mshahara utachelewa, halafu tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Sijaitwa mpaka leo.

Haukupita mwaka ikaja kampuni binafsi kutoka Dar (jina silitaji, na wenyewe walishaondoka). Wakakodi godauni. Godauni lile lile! Wakalipaka rangi ya kijani, wakabadilisha makufuli.

Meneja wao alikuwa kijana wa kaskazini, anaitwa Gidioni. Shati limenyooka, ana pikipiki, anaongea polepole kama mtu asiye na shida duniani. Nikaenda kuomba kazi na barua yangu mkononi.

Akaisoma yote. Akasema, "Mzee wangu, makarani ninao. Nahitaji akina mama wa kupima na kufungasha."

Mzee wangu! Nilikuwa na miaka thelathini na nne.

Wiki mbili baadaye Somoe akarudi nyumbani anakimbia kama mtoto.

"Baba Zuhura, nimepata kazi!"

"Wapi?"

"Godauni."

Wakuu, kuna aina ya wivu ambayo watu hawaisemi. Wivu wa mwanamke wako na mwanamume mwingine kila mtu anaujua. Lakini wivu wa mke kuingia kupitia mlango uliokuwa wako, wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, huo hauna hata jina. Nilimpongeza kwa mdomo tu.

Asubuhi anajifunga kanga, anatoka. Mie nabaki na Zuhura na jembe la shamba ambalo sikulizoea. Jioni anarudi na habari: leo mapipa yamefika, leo Bi Tatu kaanguka kwenye magunia tumecheka mpaka machozi, leo meneja kasema hivi, leo meneja kasema vile.

Mie namkatiza. "Hiyo kona ya mashariki inavuja, waambie wasiweke kitu." Au, "Sisi wakati wetu hatukufanya hivyo."

Siku moja akanijibu kwa upole tu, "Baba Zuhura, wakati wenu umepita."

Sikuongea naye siku mbili.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana ndiyo kiini cha uzi huu.

Dawa za wadudu zilikuwa zinakuja kwenye mapipa makubwa. Mkulima wa Kibiti au Ikwiriri hawezi kununua pipa, kwa hiyo akina mama walikuwa wanaipunguza kwenye chupa ndogo ndogo. Unaingiza mpira kwenye pipa, unavuta kwa mdomo kidogo mpaka dawa ianze kuja, unaelekeza kwenye faneli. Ndiyo, kwa mdomo. Kisha unafunga, unafuta chupa, unabandika lebo.

Kulikuwa na kimiminika kingine cheupe cha kusafishia chupa na kubandulia lebo zilizokosewa. Wenyewe walikiita spiriti, lakini si ile ya hospitali. Kina harufu tamu, inapanda mpaka kwenye paji la uso. Wakimaliza kazi walikuwa wanakitumia kunawia mikono, maana kinatoa gundi vizuri kuliko sabuni.

Chumba madirisha mawili, moja limezibwa na magunia. Glovu hakuna. Barakoa hakuna. Kulikuwa na koti moja la kazi linapokezanwa. Kila mtu anajifunga kanga puani, na ikilowa dawa anakwenda nayo nyumbani, anafulia pamoja na nguo za mtoto.

Mie hayo nilikuwa nayajua kuwa si sawa. Enzi za ushirika tulipelekwa semina Ikwiriri, bwana shamba akatuonyesha picha ya fuvu kwenye pipa akatuambia dawa hizi zinaingia hata kwenye ngozi, si lazima uzinywe. Tukapewa glovu nene za mpira, zinafika kwenye kiwiko, na kibarakoa chenye kichujio.

Vyangu nilikuwa navyo. Ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda.

Somoe alikuwa na miezi kama mitatu kazini akaniuliza. Nakumbuka alikuwa anachambua mchele.

"Baba Zuhura, yale maglovu yako ya ushirika yapo? Mikono inaniwasha."

Nikamwambia, "Nilirudisha."

Nilidanganya. Hakuna aliyenishikia kisu. Niliona tu nikimpa zile glovu nitakuwa nimekabidhi kila kitu, funguo zimekwenda, godauni limekwenda, sasa na glovu nazo zinakwenda. Zile zilikuwa kitu pekee kilichobaki cha Karani.

Nimewaambia kuna mahali mtanitukana. Mojawapo ni hapa.

Basi miaka ikaenda, kama miwili na ushee. Mie nikawa nalima, nafanya vibarua, lakini roho ikawa imehamia kwenye pua. Somoe akirudi namnusa. Ile harufu tamu ya spiriti ilikuwa haitoki kwenye nywele wala kwenye ngozi. Kijiweni kuna jamaa mmoja mchokozi alisema, "Mkeo siku hizi ananukia kama mke wa meneja." Watu wakacheka. Mie nikacheka pia.

Tangu siku ile kila nikiisikia ile harufu namuona Gidioni.

Halafu vikaanza vituko.

Somoe, mtu aliyekuwa anaoga mlango wa uani uko wazi, akaanza kufunga. Akaanza kulala na gauni. Nikimsogelea ananipa mgongo, anasema amechoka. Nikimshika bega la kushoto anajikunja. Siku moja niliingia ghafla anabadilisha nguo, akavuta kanga kifuani haraka kama mtu aliyefumwa.

"Unanificha nini mie mumeo?"

"Sikufichi kitu. Umenishtua."

Kisha akaanza safari za Utete, ng'ambo ya mto baada ya Ikwiriri. Mara ya kwanza alisema shangazi yake anaumwa. Mara ya pili, shangazi bado. Na zote mbili aliomba ruhusa kazini, na zote mbili alipewa ruhusa bila shida. Meneja gani anakuwa mwema hivyo kwa mfungashaji?

Jamaa yule yule wa kijiweni akaniletea ya mwisho: kamuona mke wangu kapakiwa kwenye pikipiki ya Gidioni, anaelekea njia ya Ikwiriri.

Wakuu, sikumuuliza Somoe. Niliondoka kijiweni moja kwa moja mpaka godauni, mchana kweupe.

Nilisimama mlangoni kwangu kwa zamani nikapiga kelele. Nilimwita Gidioni mwizi wa wake za watu. Nilimwita mke wangu jina ambalo sitaliandika. Akina mama wote waliacha chupa zao wakanitazama. Gidioni alitoka na kalamu mkononi, akasema, "Mzee wangu, hujui unachosema. Muulize mkeo."

"Nikuulize wewe unayempakia!"

Bi Tatu, ambaye alikuwa mtu mzima kuliko wote mle ndani, akaja akanishika mkono. Akasema taratibu, "Mwanangu, nenda nyumbani. Tafadhali nenda nyumbani." Macho yake yalikuwa ya huruma, nikayasoma kuwa ya mtu anayemficha mwenzake.

Somoe alikuwa ameshika faneli, dawa inamwagika kwenye vidole, haoni.

Nyumbani nikatoa amri. Kazini ataendelea kwa sababu kweli tulikuwa tunaihitaji, lakini Utete marufuku. Shangazi akifa tutakwenda kuzika. Na nikimsikia tena juu ya pikipiki ile, talaka.

Akasema, "Sawa, Baba Zuhura."

Akatii miezi minne.

Nataka msome hapo tena. Miezi minne.

Katika miezi ile mie nilikuwa mshindi. Nilikuwa namsindikiza asubuhi na kumpokea jioni. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara chini ya kibanda cha fundi baiskeli, nahesabu mara ngapi Gidioni anaingia chumba cha akina mama. Somoe akakonda. Kicheko kikaisha. Nikajiambia, ndiyo hivyo, anamkosa bwana wake.

Ikafika siku akaamka mapema akavaa baibui. Akasema anakwenda Bungu kumjulia hali mwenzake aliyejifungua. Mie nikasema nenda, salamu zao. Akatoka.

Nikamfuata.

Hakwenda Bungu. Alikwenda stendi akapanda gari la kusini. Nikapata lori la mbao nyuma yake. Nilipofika kivukoni Ndundu (wakati huo daraja bado, tunavuka kwa pantoni) nikamuona kwa mbali ameshavuka, pantoni liko ng'ambo linashusha. Ikabidi nisubiri lirudi. Nilikaa pale juu ya mbao jua linachoma, natazama maji ya Rufiji yanapita, nimeshapanga maneno yote nitakayosema nikiwakuta. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyosimama.

Niliingia Utete saa nane mchana.

Na mnajua nilianzia wapi kumtafuta mke wangu?

Gesti.

Niliulizia gesti mbili. Nilimweleza mhudumu: mwanamke mrefu, mweusi, baibui, labda yuko na kijana wa kaskazini. Mhudumu wa gesti ya pili, mama mmoja mnene, akanitazama toka juu mpaka chini akasema, "Baba, mwanamke mrefu mwenye baibui kapita hapa asubuhi, kaniomba maji ya kunywa. Kaniuliza njia ya hospitali."

Hata hapo, wakuu, hata hapo sikuelewa. Nilipokuwa natembea kwenda hospitali ya wilaya nilikuwa nawaza mimba. Nikasema ana mimba ya Gidioni, amekuja kuitoa.

Nikamkuta kwenye benchi la nje, amekaa na akina mama wengine, mkono wa kushoto ameupakata kama anabeba mtoto. Aliponiona hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyechoka kukimbia.

"Yuko wapi?" nikasema.

"Nani?"

"Unamjua."

Muuguzi akatoka mlangoni. "Somoe Mbonde. Umekuja na mume safari hii? Maana daktari alisema tangu mwanzo uje na mumeo."

Somoe akamjibu, "Ndiyo huyu."

Tukaingia wote. Daktari alikuwa mtu mzima, mkali kidogo. Hakunisalimia sana. Akamwambia Somoe ajifunue.

Sijawahi kumsimulia mtu hiki nilichokiona. Titi la kushoto lilikuwa limevutwa upande mmoja, chuchu imezama ndani, ngozi ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Chini ya kwapa kuna uvimbe mgumu, ndio uliokuwa unamfanya ajikunje nikimgusa bega. Mie mumewe, nalala naye kitanda kimoja, nilikuwa najua saa anayotoka godauni, najua nani amemsalimia njiani, najua rangi ya shati la Gidioni kila siku ya wiki. Hilo titi nilikuwa sijui.

Daktari akauliza, "Kwa nini hukurudi? Nilikwambia baada ya wiki mbili. Tulikata kipande tukapeleka Dar, majibu yamekaa hapa miezi mitatu."

Somoe akajifunika baibui lake.

Mie nikasema, "Nilimkataza."

"Kwa nini?"

Nikaanza habari ya pikipiki, nikaona aibu kuimaliza.

Akatuambia ni saratani. Ilikuwa ndogo mara ya kwanza, sasa imekua, lakini bado kuna la kufanya Dar iwapo tutaondoka wiki hiyo hiyo. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Somoe akaeleza yote, mapipa, mpira wa kuvuta kwa mdomo, spiriti ya kunawia mikono.

"Glovu mnapewa?"

"Hapana, daktari."

Nilitazama sakafu.

Nikauliza kama ni dawa ndizo zilizomfanya hivi. Nilitaka aseme ndiyo, nimchukie Gidioni kwa sababu nyingine. Daktari akafikiri. Akasema, "Siwezi kuapa. Ugonjwa huu una mambo mengi, mengine hatuyajui. Lakini zipo kemikali zinazoshukiwa kuongeza hatari kwa mwanamke, na zile za kuyeyushia vitu na baadhi ya hizi za wadudu zimo. Mtu anazivuta na kuzipaka mwilini kila siku, hakuna anayemkinga. Mie nisingemruhusu binti yangu."

Tukarudi. Kwenye pantoni nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ungeniachisha kazi. Ulikuwa unatafuta sababu."

Kweli tupu. Nilikuwa naitafuta.

Kesho yake nilikuwa nje natafuta usafiri wa Dar, yeye ndani anapanga nguo. Kanga zake nzuri zilikuwa kwenye lile sanduku la bati. Nilikumbuka nikiwa njiani, nikarudi mbio. Nikachelewa.

Alikuwa amekaa chini, zile glovu ziko mapajani. Alikuwa ameingiza mkono mmoja. Zilimtosha.

"Ulisema ulirudisha."

"Nilisema."

Akaivua taratibu, akazikunja zote mbili, akazirudisha sandukuni. Akachukua kanga zake akafunga sanduku. Natamani angenipiga.

Dar alikatwa titi. Baadaye akapigwa mionzi. Tulikaa kule muda mrefu kwa ndugu zake, Zuhura tumemwacha kwa Bi Tatu. Kule wodini ndiko nilikojua mengine. Kwamba Bi Tatu ndiye aliyemgusa uvimbe mara ya kwanza, ukiwa na ukubwa wa punje ya korosho changa. Kwamba Gidioni aliona mkono wa kushoto haunyanyui chupa, akauliza, akaambiwa, akampa ruhusa na kumpeleka kwa pikipiki mpaka kivukoni ili awahi pantoni la kwanza. Ndicho alichokiona yule jamaa wa kijiweni. Kwamba siku niliyokuja kupiga kelele, Gidioni alitaka kuniambia, Somoe akamkonyeza asiseme.

Na mie, wakuu, niko kwenye benchi la hospitali, mke wangu amekatwa titi, nikasikia wivu tena. Sasa ulikuwa wivu wa aina nyingine. Yule kijana alikuwa na siri ya mwili wa mke wangu kabla yangu. Alistahili kuaminiwa, mie sikustahili. Huo ulikuwa unauma kuliko ule wa kwanza, maana ule wa kwanza ulikuwa wa uongo na huu ulikuwa wa kweli.

Alipotoka hospitali hakurudi Kibiti. Alisema anakwenda kwao Chumbi kupumzika. Nikasema sawa, wiki ngapi?

Alikaa miezi saba.

Nilikuwa nakwenda kila baada ya siku kumi na tano. Nafika, nasalimia wakwe, nakaa na shemeji yangu mkubwa tunaongea habari za mpunga na mahindi. Somoe anakuja anakaa mbali kidogo, ananiuliza habari za Zuhura, anaondoka. Mara ya tano au ya sita nikashindwa. Nikasema mbele ya shemeji, "Somoe, nimekosa. Nilikuwa na wivu kwa sababu nakupenda. Rudi nyumbani."

Shemeji akataka kuinuka atupishe. Somoe akamwambia kaa.

Akaniambia hivi, neno kwa neno, sijalisahau:

"Gidioni aliniuliza naumwa wapi. Weye uliniuliza nilikuwa na nani. Usiniambie ni mapenzi."

Shemeji akatazama pembeni. Mie nikaondoka bila kula.

Ziara zilizofuata sikumwambia tena arudi. Nilikuwa namuuliza mkono unanyanyuka mpaka wapi, kidonda kinawasha, anapata usingizi? Mwanzoni alikuwa ananijibu kwa mkato. Baadaye akawa ananionyesha: leo umefika hapa, leo umefika kwenye sikio. Siku aliyoshika kenchi ya paa la jiko kwa mkono wa kushoto alicheka, kile kicheko chake. Kilikuwa hakijasikika miaka.

Alirudi mwenyewe. Sikumfuata. Nilitoka shambani nikamkuta anafagia uwanja na mkono mmoja, akaniambia nilikuwa nimeacha uwanja kama wa wachawi.

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Somoe yupo hai, wakuu. Ana wajukuu. Anakwenda kucheki kila anapoitwa. Wapo waliokuwa naye wodi moja wasiofika hapa, kwa hiyo sisemi hili kwa kujisifu. Ilikuwa bahati na ukaidi wake. Miezi minne yangu ingeweza kumzika.

Nisiwadanganye pia kwa upande mwingine. Bi Tatu alifanya kazi mle muda mrefu kuliko Somoe na alizeeka salama. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikaapa kuwa ni spiriti au ni dawa za pamba. Daktari hakuapa, mie nani? Ninachojua ni kwamba wanawake wale walikuwa wanakaa kwenye mvuke wa sumu bila kinga, meneja aliona, kampuni iliona, na mie niliyekuwa na glovu sandukuni niliona. Kampuni ilipoondoka iliacha mapipa matupu nyuma ya godauni, watu wakayachukua kuhifadhia maji. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Wengine walinisikia, wengine walisema Karani kachanganyikiwa.

Funzo langu ni hili.

Mwanamke akikuficha mwili wake, kabla hujawaza mwanamume mwingine, waza maumivu. Muulize anaumwa wapi, uulize kama mtu anayetaka jibu. Kwa dada zangu mnaofanya kazi na dawa za mashamba, rangi, gundi, dawa za nywele, sijui vya kiwandani: daini glovu, daini dirisha lifunguliwe, nguo za kazi msizifulie pamoja na za watoto. Jishikeni matiti wenyewe, na ukiona kitu kigeni nenda usisubiri ruhusa ya mtu mwenye kinyongo kama mie. Na wewe mwenzangu wa uzi wa jana, hiyo app haina kazi.

Kabla sijaweka uzi huu, Zuhura kamsomea mama yake wote, neno kwa neno. Mie nilitoka nje, sikuweza kukaa. Nilipoitwa ndani nilidhani atasema nifute ile sehemu ya titi, au ile ya gesti. Hakugusa hata moja.

Alisema, "Umeandika godauni kama lilikuwa kaburi. Ongeza hili. Ile kazi niliipenda."

Nimeongeza.

Wale mliowahi kufanya kazi za kupima dawa, za pamba, za korosho, popote pale, semeni mlipewa nini cha kujikinga na miili yenu ikoje leo. Na wenye matusi yenu kwangu, uwanja ni wenu, nitasoma yote.